Aliyesemewa Kaburini Dranya

Amefariki yule mama mwandishi wa habari za uchunguzi aliyekimbia vita vya Sudani Kusini akaja kukaa nasi Arua. Malaria ilimkuta Dranya, kule Koboko, na wiki iliyopita tulimzika hukohuko, shambani kwa mjane aliyekuwa amempokea. Nilimfahamu kwenye masomo ya jioni, nilikopatia elimu hii mnayoivumilia kila Jumapili. Vyeti vyake viliungua pamoja na mji wake, kwa hiyo mwanamke aliyewahi kuwanyima majenerali usingizi akalazimika kuanza upya, dawati moja na sisi wauza nyanya. Siku moja mwalimu alitupa insha ya moto sokoni. Moto wangu uliramba nyayo za malaika, na moshi wake ukafika Kampala kabla ya basi. Yeye aliandika nani alifika kwanza, nani alikuwa na mafuta ya taa, na ghala lipi lilihamishwa mali asubuhi ile kabla ya moto. Mimi nikapewa maksi za juu, yeye akaambiwa insha yake haina uhai. Akacheka. "Ndugu yangu, moto yako iko kubwa sana. Nani aliwasha?"

Kwa moto uliouteketeza mji wake, jibu alikuwa nalo. Afande aliyetoa amri alikuwa amevuka mpaka kama yeye, ila mwenzake alivuka na malori. Sasa anauza mbao Koboko, na ni mkubwa kiasi kwamba kivuli chake pekee kingehitaji hati ya kiwanja. Hakuna msiba unaopita bila turubai lake na ng'ombe wake. Lakini mama huyu hakuandika jambo mpaka watu wawili wasiofahamiana waliseme kwa majina yao. Mmoja alimpata Arua, fundi wa pikipiki aliyewahi kuwa dereva wa afande. Wa pili ndiye yule mjane, mzaliwa wa mji uleule aliyeolewa Dranya. Siku ya moto alikuwa amekwenda kuwaona kaka zake, akaisikia amri kwa masikio yake, akawazika kaka zake. Kila akiombwa, alijibu, "Nitasema, binti yangu. Wacha kwanza tupalilie muhogo." Basi wakapalilia. Mwenzangu aliupalilia muhogo ule mpaka nadhani ulianza kumwamkia. Homa ilimkuta jembe likiwa mkononi.

Kwetu hafukiwi mtu kabla waombolezaji hawajaambiwa ugonjwa ulianzaje na nani alimuuguza. Husimama mtu wa ukoo, na asiye na ukoo husemewa na mwenye nyumba alimofia. Mjane akasimama. Nikasogea mbele, maana mbele ya umati ule angeweza kulisema lote. Akamtazama afande, aliyekaa kiti cha mbele chini ya turubai lake mwenyewe. "Mimi sauti hapana," akasema. "Mzee atasema." Afande akainuka, akasema, tena vizuri, kofia mkononi. "Huyu mama alikuwa mutu ya maswali mingi. Sasa iko pumzika. Na sisi pia tutapumzika." Watu wakacheka kwa adabu, udongo ukaanza kuingia.

Baadaye nilimkuta mjane akifunga paja la ng'ombe wa afande kwa majani ya mgomba. Nikamuuliza, "Mama, mbona umenyamaza?" Hakukasirika. "Mwanangu, yule wa kuuliza iko chini. Huyu iko juu, na shamba yake imepakana na yangu. Mimi nitakaa na nani?" Fundi wa Arua naye, nilipompelekea habari, aliendelea kukaza spoki. "Nani alikuambia mimi niliendeshea mutu gari?"

Tutamsifu marehemu kwa ujasiri, na kweli alikuwa nao wa kutosha kugawia mkoa wetu mzima wa West Nile ukabaki wa akiba. Haukumsaidia. Habari yake ilihitaji ujasiri wa watu wengine, na hao wana muhogo wa kuvuna na jirani wa kumwamkia kesho. Kwa hiyo, msomaji wangu, kama huna ukoo, mtafute mapema mtu wa kukusemea kaburini. Na kabla hujamwamini, hakikisha ameshiba.