Sikukuu ya Kukaa Kimya

Mwalimu wa chekechea alikuwa anapuliza puto la tisa, ilhali pumzi zilimwishia kwenye la sita. Watoto walimwita Bibi Sikukuu, na jina lilimkaa: kalenda yake ukutani ilijaa miviringo myekundu, Idi ya huyu, Krismasi ya yule, Diwali ya mapacha, na mwaka mpya mara tatu kwa mwaka. Kila mtoto alikuwa na siku ya kwao, na siku zote zilipikwa chungu kimoja: taji la karatasi, wimbo, puto, biskuti. Miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Magoti yake sasa yalitabiri mvua vizuri kuliko redio.

"Dada, utapasuka wewe kabla ya hilo puto," alisema mpishi wa shule, ameegemea mlango.

"Acha nipasuke, angalau nitapumzika."

Leo ilikuwa zamu ya msichana mgeni, ambaye tangu ahamie mwezi uliopita hakuwa ametamka maneno kumi. Mwalimu alijiapiza kwamba leo lazima mtoto huyu afunguke. Sikukuu haikuwahi kumwangusha.

Wakamwimbia, wakapiga makofi. Taji lilipomgusa kichwani, msichana akalivua, akaliweka chini taratibu. Biskuti akairudisha sahanini. Kisha machozi yakamtoka, bila sauti.

"Bibi, huyu hapendi sikukuu!" akapayuka mmoja wa mapacha.

Hapo mwalimu akaikumbuka barua ya baba mtu. Ilikuwa mkobani tangu Jumatatu, baba alipomtajia tarehe ya sikukuu yao, haijasomwa. Alichoka, na tena aliona sikukuu ni sikukuu, kuna lipi la kusoma? Akaifungua.

"Ni siku ya kuwakumbuka waliotutoka. Hatuimbi, hatujipambi, hatuli vitamu. Tunakaa pamoja kimya. Mwaka huu atamkumbuka mama yake."

Mwalimu akaikunja barua. Akapiga magoti mbele ya mtoto, magoti yakalia kwa niaba yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia siku. Kwenu mnakaaje?"

Msichana akajifuta pua kwa kiganja. "Chini. Tunashikana mikono."

Darasa zima likakaa sakafuni, watoto thelathini na mmoja, mkono kwa mkono. Mpishi naye akaketi, na aproni yake yenye unga.

"Bibi, tumemaliza?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Wewe!"

Kimya kikashuka. Mwalimu akaegemeza mgongo ukutani. Hakukumbuka ni lini aliwahi kukaa chini saa za kazi. Puto moja likawa linanywea polepole pembeni. Macho yakawa mazito, akayaacha yajifumbe.

Akashtuliwa na mnong'ono wa pacha: "Jamani, Bibi amelala!"

"Nyamaza," ikajibu sauti ambayo darasa halikuwa limeizoea. "Sikukuu yangu haijaisha."

Mwalimu hakufumbua macho.