Siku Niliyovaa Mpaka wa Ziwa

Jamani, kisa hiki wenzangu wa pale mtaani Utemini wanakijua nusu, na hiyo nusu walihadithiwa na shemeji yangu ambaye hajui kusimulia bila kutia chumvi, kwa hiyo acheni nikiseme mwenyewe, aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Nilikwenda ukweni Iramba, kando ya Ziwa Kitangiri, mke wangu Rehema akabaki mjini na mtoto. Baba mkwe, Mzee Kitundu, ni mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wanaolinda ziwa upande wetu (ng'ambo ni mkoa mwingine, nao wana kikundi chao, lakini maji ni hayo hayo na samaki hawajui mkoa). Mimi ni fundi simu, samaki namfahamu akiwa sahanini, ila nilitaka mzee aone binti yake ameolewa na mwanaume, nikaomba kulala ziwani kwenye hema na shemeji yangu Elibariki, asubuhi tuvue kwa ndoano. Mzee akakubali, na wakati wa kula akanieleza masharti yote, hema likae wapi, moto uwashwe wapi, na sehemu gani ni mazalia ya samaki ambako hakuna mtu kuvua, awe wa kwetu au wa ng'ambo, maana waligombana miaka mingi mpaka wakakubaliana. Mimi naitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," akili yote iko kwenye paja la kuku.

Kulipokucha Elibariki akarudi nyumbani kufuata sukari tuliyoisahau. Nikashuka kuchota maji ya chai, nikakanyaga tope, likanimeza mpaka magotini, nikatoka humo suruali haitamaniki. Nikaivua, nikaisuuza, nikaitundika kichakani. Sasa upepo wa Singida mnaujua wenyewe. Nimeinama kupuliza moto, kuinuka, suruali iko majini inaondoka, miguu imetanuka kama mtu anayeogelea kwa raha zake. Nguo za akiba ziko kwa baba mkwe. Nimebaki na shati na chupi (na hiyo chupi tusiizungumzie).

Hapo hapo nikasikia sauti za akina mama wanakuja mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua kitoweo. Nikaangaza huku na huku, nikaona mti umesimikwa kwenye maji ya kina kifupi, umefungwa kitambaa kikubwa chekundu. Nikajiambia hicho ni cha kufukuzia ndege. (Ndege wanafukuzwa ziwani ili iweje? Wala sikujiuliza.) Nikakimbia, nikakifungua, nikajiviringishia kiunoni kama msuli, akina mama wakapita, tukasalimiana vizuri kabisa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini ukaja mtumbwi kutoka ng'ambo, ndani yake mvuvi mmoja mnene, mchangamfu, jina lake Masanja, akapunguza kasi, akatazama maji, akanitazama mimi.

"Kaka, hapa siku hizi wameruhusu?"

Ningesema sijui, basi. Lakini nilitaka kuonekana mwenyeji.

"Wameruhusu! Samaki wamejaa, wanaruka tu!"

Masanja akatupa wavu, na mimi, kwa moyo mweupe, nikaingia majini kumsaidia kuvuta. Perege walikuwa wengi, nikaanza kujiona mvuvi, nikawa napiga hata mluzi.

Mluzi ukakatika nilipoona mtumbwi wa doria unakuja kasi, mbele kabisa amesimama baba mkwe.

"Shikamoo baba," nikasema. Hakuitikia. Sijawahi kunyimwa marahaba na yule mzee.

"Masanja!" akanguruma. "Tulikubaliana mbele ya watu. Leo unavua mazalia mchana kweupe?"

"Mzee, bendera haipo! Ningeiona ningegeuza."

"Kila siku mnasema bendera haipo. Lete wavu. Na kikao cha pande mbili kiitishwe leo, nimechoka na nyinyi."

Masanja hakuuachia. Alikuwa ameushika ule wavu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika mtoto, akasema taratibu, "Mzee, nikikosa huu wavu nyumbani hawali." Kisha akanigeukia. "Muulize huyu kijana. Yuko hapa tangu asubuhi."

Wakati huo watu wa mwaloni wameshajaa ufukweni, na katikati yao, ndoo kichwani, mama mkwe. Mke wa mzee. Mama yake Rehema. Nilitamani lile tope la asubuhi lirudi linimalize.

Lakini nilipomtazama Masanja, nikaona siwezi kumwacha apoteze wavu kwa kosa langu.

"Baba," nikasema, "bendera ninayo."

"Iko wapi?"

Nikageuka tu, nikawapa mgongo, na kumbe huko nyuma, kwa herufi kubwa nyeupe, paliandikwa MWISHO WA KUVUA.

Masanja akaangua kicheko mpaka mtumbwi ukayumba, na mwalo mzima ukafuata.

"Irudishe mahali pake," mzee akasema, sauti inamtetemeka.

"Baba, siwezi."

Akafikiri. Akaelewa. Akageuza uso upande wa ng'ambo, mabega yanacheza. Ni mama mkwe aliyeniokoa, alitua ndoo, akafungua kanga yake ya juu, akafumba macho kabisa, akanirushia.

Masanja akabaki na wavu wake, perege wakarudishwa majini wazima, na mimi nikiwa nimevaa kanga ya mama mkwe nikashikilia ule mti huku mzee akifunga bendera upya, mafundo matatu kwa sababu yangu. Tulipofika nyumbani alimpigia Rehema simu, nikamsikia anasema, "Mumeo hajambo. Ametusaidia sana kazi za ulinzi," akashindwa kuendelea, akampa mama simu, akatoka nje kucheka.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikiwa kando ya maji yoyote siongei kama mwenyeji na sigusi kitu kabla sijauliza. Juzi tulirudi, safari hii na Rehema na mtoto, tukashuka ziwani, nikamuuliza baba mkwe kama naruhusiwa kukalia jiwe.

"Kaa tu, mwanangu," akasema. "Hilo ni letu sote." Akasogea, akaketi karibu yangu.