Taa Isiyodai Mafuta: Barua Iliyomzuia Furaha Kwenda Kanada

Nimekosa, na kosa langu lina sahihi, muhuri na nembo ya hospitali. Nakala yake ningali nayo kabatini. Nalisimulia bila jina kwa sababu hapa Bukavu watu hujuana, na mtaani Muhumba ninapoishi watu hunisalimu kwa heshima ambayo, wakishasoma haya, wangekuwa na haki ya kuipunguza.

Mimi ni katibu wa utawala katika hospitali moja ya mji huu, kazi niliyoishika kwa miaka kumi na tisa. Chuoni nilisomea lugha, na tangu siku hizo watu wamenifanya mwandishi wao: hotuba za arusi, risala za kumpokea askofu, maneno ya kumuaga marehemu. Nimewaliza waombolezaji ambao hata hawakumfahamu maiti. Nilidhani hicho ni kipaji cha kutumika kila mahali.

Muuguzi nitakayemwita Furaha alifanya kazi katika wodi ya upasuaji. Yeye na mumewe, mwalimu, waliamua kuhamia Kanada kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi. Alitayarisha kila kitu mwenyewe: mtihani wa lugha, ulinganisho wa diploma, cheti cha polisi, vipimo vya afya. Kisha akaalikwa kuleta dosye, yaani faili kamili la maombi, ndani ya siku sitini. Kilibaki kitu kimoja tu ambacho hakikuwa mikononi mwake, nacho ni barua ya mwajiri. Mwajiri, kwa upande wa karatasi, ni mimi.

Alikuja ofisini na ukurasa mmoja unaoeleza yale ambayo barua hiyo inapaswa kusema: tarehe ya kuanza kazi, cheo, saa za kazi kwa juma, kazi zenyewe moja baada ya nyingine, jina la mwenye kutia sahihi na namba ya simu inayojibu. Niliusoma, nikaona ni kama orodha ya mtu anayetumwa sokoni. Nikauweka chini ya kikombe changu cha chai.

Niliandika kurasa mbili kwa Kifaransa nilichojivunia. Nilisema Furaha ni mwanamke mwenye maadili, mcha Mungu, mwenye moyo wa kujitolea usio na kifani. Nilimfananisha na taa inayomulika bila kudai mafuta. Umeme ulikuwa umekatika siku hiyo. Labda ndiyo sababu.

Aliisoma akiwa amesimama.

"Aksanti, Maman Sekretere. Barua iko muzuri, mpaka nasikia haya. Lakini pale banauliza kazi yenye nafanyaka. Moja moja."

"Furaha, weye uko mutu wa diplome. Unataka niandike eti unaenda kutupa mikojo ya bagonjwa?"

"Njo kazi yangu, maman. Na muandike saa ngapi kwa juma."

Mwenzangu wa meza ya pili alicheka, nami nikacheka. Furaha hakucheka. Nikamwambia kwamba watakaoisoma ni watu waliosoma, na mtu aliyesoma huelewa. Kwetu mdogo habishani na mkubwa, hasa mkubwa huyo akiwa ndiye mwenye muhuri. Alishukuru tena, akaenda kuituma.

Kama ningeishia hapo, ningesema ni kosa la kiburi, nikaliungama kwa padri, yakaisha. Sikuishia hapo.

Baada ya majuma kadhaa, afisa mmoja wa uhamiaji wa Kanada aliandika kwa barua pepe ya ofisi yetu, yaani kwangu. Mistari minne. Aliomba tumtumie, ndani ya siku saba, orodha ya kazi za Furaha na saa zake kwa juma. Hakusalimu. Hakuuliza habari za nyumbani. Hakusema neno hata moja juu ya ile taa.

Niliudhika, na niliudhika kikweli! Siku hiyohiyo nilimjibu kwa kurasa tatu, nikimweleza kwamba hapa kwetu thamani ya mtu haipimwi kwa orodha. Nikaongeza sifa nilizosahau mwanzoni. Wodi ya Furaha iko hatua arobaini kutoka mlango wangu. Sikuzipiga hatua hizo kumwambia.

Dosye ilikataliwa. Furaha aliniletea jibu akiwa amelichapisha, akaliweka mezani kwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta matokeo ya maabara.

"Maman, banasema balimuandikia mwajiri, na orodha yenye balimuomba haikufika. Baliandika kwenu?"

Alikuwa akiniuliza, wala hakuwa akinishitaki. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli bila hata kuaibishwa.

"Rezo ilikuwa mubaya ule mwezi, Furaha. Sikuona kitu."

"Ah, rezo," akasema. "Basi si kosa yenu, maman. Rezo ya huku itatumaliza."

Alinifariji. Mtandao wa Bukavu umebeba dhambi nyingi, lakini nadhani ile ndiyo kubwa niliyoutwika mimi.

Matokeo yake ni haya. Mumewe alikuwa ameshaikataa nafasi nzuri ya ualimu kule Katana, kwa kuwa walidhani wanaondoka. Furaha, akiamini bahati mbaya tu ndiyo iliyomwangusha, alijaribu tena. Lakini matokeo ya mtihani wake wa lugha yalikuwa yamekwisha muda, na kule waombaji huchaguliwa kwa alama, nao umri huzipunguza kila mwaka unaopita. Hakualikwa tena.

Mimi nilipoteza njia ya kwenda kantini. Kwa karibu miaka mitatu nilizunguka nyuma, upande wanakofua mashuka, ili nisipite mbele ya wodi ya upasuaji. Watu walidhani nafanya mazoezi. Hotuba za arusi niliacha kuziandika. Kila nilipofika kwenye sifa za bibi arusi, niliiona ile taa.

Kisha nikapatikana na uvimbe tumboni, nikapasuliwa katika hospitali yangu mwenyewe. Nilipozinduka, muuguzi aliyekuwa akinipima tansiyo, yaani presha, alikuwa Furaha.

Mtu aliyelala chali hana la kufanya ila kutazama. Nilimtazama siku nne. Alisafisha kidonda changu, akapima joto, akaandika. Alimwonyesha mwanafunzi namna ya kuushika mkono wenye mshipa mwembamba. Alimwambia daktari, kwa adabu, kwamba dawa aliyoniandikia haipatani na presha yangu, na daktari akabadilisha. Asubuhi ya tatu nikajikuta nahesabu, nikafika kazi kumi na sita. Karatasi zote za hospitali ile hupita mezani kwangu, na nilikuwa sijawahi kujua anafanya nini.

Siku ya nne nilimwambia.

"Furaha, ile barua ya bale ba Kanada niliiona. Rezo ilikuwa muzuri. Nilibajibu mambo yangu, na sikukuambia."

Alikuwa amenifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia. Hakukifungua. Alisubiri hewa ishuke, akasoma namba, akaiandika kwenye fomu. Ilikuwa imepanda.

"Ule mwaka nilikuwa na miaka makumi tatu na tisa," akasema. "Sasa niko na makumi ine na mbili."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikupata ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Alisema tu kwamba kuna wauguzi wawili vijana wa wodi yake walioanza dosye zao, na kwamba maombi yao ya barua yako juu ya meza yangu tangu juma lililopita.

"Mushike kalamu, maman. Nitataja kazi yetu moja moja."

Akataja huku akiendelea kufanya kazi, nami nikaandika nyuma ya fomu tupu ya maabara. Kupima tansiyo na joto. Kutunza vidonda. Kuhesabu vyombo kabla na baada ya upasuaji. Kufundisha wanafunzi. Nilipouliza saa kwa juma, alisema makumi tano na nne. Mimi ningeandika arobaini na tano, kama ilivyo kwenye mkataba nilioupiga chapa mwenyewe.

Tulipofika mwisho, aliinama, akatoa chini ya shuka langu chombo cha mkojo nilichokuwa nimekijaza, akakifunika kwa kitambaa.

"Na hii, maman," akasema. "Muandike na hii."

Nikaandika.

Wewe unayetaka kwenda kufanya kazi ugenini, usiitume barua usiyoielewa kwa kumwogopa aliyeitia muhuri. Mrudie, hata mara tatu, na ule ukurasa wa maagizo uuweke juu ya kikombe chake. Nawe mwenzangu mwenye muhuri, ukiulizwa mtu anafanya kazi gani, nenda kwanza ukamtazame akiifanya, kisha uandike ulichokiona. Sifa zake nyingine tumwachie padri, siku ya mazishi. Hapo hakuna ofisi itakayozirudisha.