Mkole Kwenye Kitambaa cha Swaumu

Watu wa Kisarawe waliomjua Swaumu binti Kibwana katika utu uzima wake humkumbuka kwa maua ya bamia. Aliyatarizi kwenye foronya, kwenye vitambaa vya meza, hata kwenye shuka za maharusi. Mtu akimsifu aliinamisha uso kama aliyefumaniwa.

Mwaka 1953 alikuwa mke kijana, mwanafunzi wa darasa la kutarizi lililofunguliwa na mke wa Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, kwenye baraza ya boma. Wanawake walimwita Memsabu. Mama huyo alichoka kuona mawaridi yaliyonakiliwa vitabuni.

“Waridi basi,” alisema siku moja kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Kila mama tafuta kitu ya shamba yake. Jani, ua, tunda. Mwenye kazi nzuri kabisa, yeye tafundisha mama wa Kwala.”

Zubeda, aliyekuwa na ulimi, alichagua bibo na korosho yake siku ile ile. Mwingine akachukua jani la muhogo. Swaumu alishika sindano tupu.

“Mwenzetu anangoja ua la peponi lidondoke,” Zubeda alisema, na baraza zima likacheka.

Swaumu naye alicheka, lakini moyoni alikuwa na jambo lake. Mama yake alifariki Swaumu akiwa mdogo, na aliyemlea ni Bi Mwanne, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa somo yake, aliyemfunda alipovunja ungo. Swaumu alitaka Bi Mwanne asikie mtoto wake akiitwa mwalimu. Kwa hiyo bibo halikumtosha. Alitaka kitu ambacho mwingine hangethubutu kukishona.

Akauchagua mkole. Matunda yake watoto huyachuma na kuyala njiani, na hakuna anayewakataza. Lakini mwali hufundwa chini ya mti huo, na yanayofanyika pale hubaki pale, hayatajwi mbele ya wanaume. Swaumu alijiambia kwamba mti ni mti tu. Hata hivyo, alipokata kitawi cha kutazamia, aligeuka kuangalia nyuma kama kuna mtu.

Alishona majani, kisha maua ya manjano. Kazi ikapendeza, ila shina lilionekana tupu. Hapo ndipo alipoongeza utepe mweupe uliozungushwa shinani, kama alivyouona siku alipofundwa yeye mwenyewe.

Siku ya maonyesho vitambaa vilitundikwa kwenye kamba barazani. Wanaume walikuja, na miongoni mwao Mzee Mwinjuma, baba mkwe wake Swaumu. Mzee alikitazama kitambaa kile, akageuza uso upesi, akaenda kusimama uani. Wanawake waliokuwa wakipiga soga wakainamisha vichwa mmoja mmoja. Zubeda mwenyewe, mwenye maneno yote, alitazama miguu yake.

Bi Mwanne akatoka katikati ya wanawake. Akavua kanga ya kichwani na kuitupa juu ya kitambaa. Akabaki pale kichwa wazi, mvi zake mbele ya wanaume. Swaumu hakuwahi kuona nywele za somo yake nje ya nyumba.

“Kwa nini funika?” Memsabu aliuliza. “Hii nzuri kupita yote! Swaumu, sema, hii mti gani? Kitambaa nyeupe ya nini?”

Swaumu alihisi masikio yanawaka. Kujibu kungekuwa kushona mara ya pili.

“Nimekosea mishono, Memsabu,” alisema. “Haifai kutazamwa.”

Zubeda ndiye aliyekwenda kufundisha Kwala.

Swaumu alijifungia ndani akifumua uzi mmoja mmoja. Kanga ya Bi Mwanne aliifua na kuikunja, lakini miguu haikukubali kuipeleka. Mwisho Bi Mwanne alikuja mwenyewe.

“Shikamoo, somo.”

“Marahaba. Nimefuata kanga yangu. Au umeitarizi nayo?”

Swaumu akalia. Bi Mwanne akakiokota kitambaa kilichofumuliwa, akakiinua mlangoni. Mwanga ulipita kwenye matundu ya sindano, na mkole ukaonekana wote, pamoja na utepe wake.

“Ulijua ni mwiko kuuonyesha?” aliuliza.

Swaumu angeweza kusema hakujua. “Nilijua, somo. Nilitaka unione.”

 Bi Mwanne akaagiza beseni la maji, akaketi mkekani, akaanza kukifikicha kitambaa kwa vidole ili nyuzi zijirudi. Baadaye alimsukumia Swaumu pindo la upande wa pili, wakafikicha pamoja bila kutazamana.

“Sasa nishone nini?”

“Si una bamia hapo nyuma ya jiko? Shona bamia. Haina la kuficha.”

Alipoondoka alijitanda kanga yake vizuri, akazifunika nywele zote. Swaumu alikianika kitambaa. Kilipokauka matundu mengi yalikuwa yamejifunga, ila pale palipokuwa na utepe. Juu ya pale pale akashona ua lake la kwanza la bamia.