Frieda kwenye mchanga wa Huab

Mjini Khorixas, Frieda Goagoses anajulikana kwa woga wake kuliko kwa kazi yake. Kazi yake ni kuwapangia wageni safari za jangwani: walale wapi, wajaze mafuta wapi, wawatafute tembo upande gani. Ukimsikiliza anavyopanga utadhani anaandaa msiba. Kule kuna nyoka, huku tairi litapasuka, maji yaongezwe, na mtu yeyote asilale mtoni, hata kama mto umekauka tangu enzi za Nuhu.

"Dada, wewe ukimpangia mtu safari ya chooni utampa na dira," mdogo wake Lukas humwambia. Lukas ndiye dereva wake, na kwa utani hajambo.

Habari ya mto tunaijua sote, ila tumeizoea. Mto huo, Huab, ulimchukua baba yao mchana wa jua kali, bila hata wingu juu ya kichwa chake. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu, na maji yakamfuata akiwa anavusha mbuzi. Tangu siku hiyo Frieda hajakanyaga mchanga wa mto. Barabara inapokata mto, yeye hufumba macho hadi gari lipande ng'ambo.

Halafu ukaja ukame, ukakaa kama mgeni asiyeaga. Watoto wakaugeuza Huab uwanja wa mpira. Ndipo walipofika Dieter na mkewe Ute, wazee kutoka Ujerumani, wakitaka kulala chini ya miti ya mikababu katikati ya mto ili wasikie tembo wakipita. Frieda akakataa.

"Msimjali," Lukas akawaambia. "Dada yangu anaogopa mto usio na maji."

Wageni wakacheka kwa adabu. Frieda akaona haya, na kwa haya hiyo akakubali walale mtoni. Ni kosa lake, lakini ni letu sote wa huku: ukame ukikaa sana, tunasahau mto ni wa nani.

Siku waliyoondoka na Lukas, mchana, mama yake Frieda alipiga simu. Mama anafuga mbuzi huko juu, karibu na mto unakoanzia.

"Mwanangu, Mungu ametukumbuka," alisema, na nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba. "Imenyesha tangu jana. Zizi limekuwa bwawa. Mto umeshaanza kushuka na maji, tumeufuata kuutazama."

Frieda aliitazama ramani ya safari mezani.

"Mbona kimya? Hufurahi?"

"Lukas yuko mtoni, mama."

Upande wa pili nyimbo ziliendelea.

Kule Lukas alikokuwa simu hazishiki. Frieda akachukua gari la jirani, bila hata kumweleza vizuri, akashika barabara ya vumbi ambayo siku zote huipita akiendeshwa na wengine. Alilia njia nzima. Alijiambia kwamba akifika atakuta maji, na hema hakuna, na yeye ndiye aliyepanga.

Alikuta mchanga mkavu. Hema lilikuwa chini ya mkababu, wazee wamekaa vitini, na Lukas anageuza nyama ya mbuzi juu ya makaa. Frieda alisimama ukingoni.

"Tokeni, mto unakuja."

"Unatoka wapi?" Lukas alimwonyesha anga, jeupe halina doa. "Karibu nyama, dada. Au nikuletee huko huko juu?"

"Mama amepiga simu. Imenyesha."

"Kila siku kwako kunanyesha. Tule kwanza, tutahama jioni."

Dieter alitabasamu na kumwinulia kikombe. Frieda aliwatazama, akaona hana neno lililobaki; maneno yake yote ya hofu alikwisha yatumia miaka yote kwa nyoka na matairi. Basi akashuka. Miguu ilikataa, akailazimisha. Akaenda hadi katikati ya mto, mbali kuliko hema, akaketi mchangani akiwa amefumba macho.

"Sitoki mpaka mtoke," alisema.

Lukas aliacha kucheka. Aliitazama miguu ya dada yake ndani ya mchanga ule, kisha akaacha nyama motoni na kumwinua Ute kutoka kitini. Hakungoja hata kueleza. Aliwapandisha wazee garini, akalitoa mtoni, akarudi mbio kumshika dada yake mkono, na hema wakaliacha.

Walikuwa wamefika tu ukingoni waliposikia sauti kama ya mawe yanayosagwa. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yamebeba magogo, yakazima makaa na kulichukua hema na viti vya wazee. Ute alianza kulia. Kutoka vilimani watu walikuwa wanashuka wakipiga vigelegele, maana Huab umeshuka na maji.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Frieda alikuwa amekaa juu ya jiwe, viatu vimejaa mchanga.

"Ungekaa kweli?" Lukas aliuliza.

"Ningekaa."

Lukas alipiga magoti, akamvua dada yake viatu, kimoja baada ya kingine, akavikung'uta mchanga wote.