Tulivyoshuka Sekenke kwa Breki za Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, Foromani wa karakana ya serikali pale Singida hakunipa spana. Alinipeleka kwenye lori lililotoka kuingia kutoka Issuna, akaniambia nipitishe kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa.

"Unasikia nini?"

"Joto, Bwana Foromani. Hili lina joto, mengine yamepoa."

"Basi hilo ndilo linalosema. Wewe nyamaza, lisikilize."

Ndivyo nilivyoanza ufundi, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Spea zilikuwa adimu. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta ya breki uliweza kusubiriwa msimu mzima, kwa hiyo ilibidi uujue ugonjwa wa gari kabla hujafungua kitu. Baadaye nilihamishiwa Kiomboi, chini ya Mkuu wa Magari, mtu mpole aliyependa kuimba akiwa uvunguni mwa gari. Hapo ndipo ilipokuja kazi ya kuhamisha watu kwenda vijiji vya Ujamaa.

Asubuhi moja tulipakia kaya kadhaa, na vihenge vyao, kuku na mawe ya kusagia. Afisa Tarafa alikaa mbele na dereva wetu, Jumanne. Mimi nilikaa nyuma na watu, ubavuni mwa mama mmoja mzee, Bibi Msengi, aliyekuwa amekumbatia chungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anaitazama nyumba yake ikizidi kuwa ndogo.

Tulipokaribia Misigiri lori likawa zito, kama linalovuta kitu kisichoonekana. Jumanne akasimama, watu wakashuka. Nikapitisha kiganja: magurudumu ya mbele yalikuwa baridi, ya nyuma yote mawili yanachoma. Nikainua moja kwa jeki, halikuzunguka. Nikalegeza nati ya kutolea upepo, ile ndogo iliyo nyuma ya dramu la breki. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na gurudumu likazunguka kama halijawahi kuumwa.

Nikajua. Mafuta yalikuwa yanakwenda nyuma mguu ukikanyaga, lakini hayarudi ukiachia. Kwa kuwa magurudumu yote mawili ya nyuma hupata mafuta kupitia mpira mmoja, mpira huo ulikuwa umevimba kwa ndani. Mwingine hatukuwa nao. Nilichoweza ni kuiziba njia ya nyuma na kubaki na breki za mbele tu. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko mkali wa Sekenke, wenye korongo kando.

"Umeshatengeneza?" Afisa Tarafa akauliza. "Wapakie tuondoke."

"Mizigo nitaiteremsha na lori mpaka chini, Bwana Afisa. Watu siwapakii."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, Bwana Afisa. Kwa breki hizi, watu siwapakii."

Mtu aliweza kupoteza kazi kwa neno dogo kuliko hilo. Kabla hajajibu, Bibi Msengi akapitia katikati yetu na chungu chake, akashika njia.

"Mimi sikutaka kufika upesi," alisema.

Wengine wakamfuata. Afisa Tarafa akavua koti, akambeba mtoto wa mama mmoja aliyekuwa mjamzito.

Niliwaomba watembee nyuma ya lori. Jumanne alishika usukani, gia namba moja, nami nikatembea kando nikiwa na jiwe la kuweka kwenye gurudumu. Jua lilipenya kwenye vumbi letu, na nyuma yangu nikasikia watu wakianza kuimba Kinyiramba, taratibu, kwa mwendo wa miguu. Chini bonde la Wembere lilionekana kama maji. Nilisahau kwamba naogopa.

Kwenye kona gia ikaruka. Lori likaenda peke yake. Jumanne alikanyaga breki, za mbele zikashika, nyuma ikateleza kuelekea korongoni. Nilitupa jiwe mbele ya gurudumu. Kihenge kimoja kikaanguka, kikaporomoka mpaka hatukukisikia tena. Lori lilisimama. Wimbo ulikuwa umekatika. Afisa Tarafa alimkumbatia yule mtoto kwa nguvu. Siku ile haikuzungumzwa tena ofisini.

Nimestaafu sasa. Vijana wenye magari ya zamani huja kuniuliza kwa nini breki zinang'ang'ania, nami huwaambia waanze kwa kiganja. Lakini nikisinzia mchana, ninachokiona ni jioni ile, mbele kidogo ya Shelui. Kijiji kipya kilikuwa nyasi na vigingi vya kupimia viwanja. Bibi Msengi alikitafuta kiwanja chake, akapanga mafiga matatu, akateleka chungu. Uji ulipoiva aliniita kutoka kwenye lori.

"Karibu ndani, mwanangu."

Hapakuwa na ukuta wala paa. Nilivua viatu, nikaingia.