Dundu wa Shamba la Shosho

Rafiki yangu, mvua hizi nilirudi kijijini kwetu Githongo kumsaidia mama kupanda, nikakuta mavi ya ng'ombe yamekaa shambani wiki nzima, yamekauka juu kama chapati iliyoungua. Nikayageuza kwa jembe. Chini hapakuwa na hata tundu moja.

Tulipokuwa watoto hayangemaliza siku mbili. Dundu weusi walishuka wakivuma, wakayakata, wakaviringisha madonge na kuyazika. Tulikuwa tukimfunga mmoja uzi mguuni na kumrusha, hadi shosho, nyanya yetu, atoke jikoni akinuka moshi na maharagwe meusi ya njahi. "Wachaneni naye, huyo ananilimia!" Na kweli, walipochimba, udongo ulikuwa mwekundu na laini, na hapo ndipo alipopanda viazi. Chini kijitoni alikuwa na nduma, yale magimbi yanayopenda maji.

Kisha kiwanda kikajengwa huko juu ya kijito. Maji yakaja meusi, yananuka kama uji uliochacha. Nduma zikaoza kwanza. Halafu mvua kubwa ikafurisha kijito mpaka shambani, na asubuhi tukakuta dundu wamelala chali kila mahali.

Shosho aliwaokota mmoja mmoja, akajaza kopo la mafuta ya kupikia, akalipeleka kwa baraza la kijiji, lililoitwa kuzungumzia kiwanda. Nilimsindikiza; nilikuwa darasa la saba. Aliwamwaga mezani mbele ya watu wote.

"Hawa walikuwa wananifanyia kazi. Nani amewaua?"

Afisa aliyeendesha mkutano alivuta karatasi zake kando. "Shosho, tumekuja kuongea kazi za vijana, si wadudu."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa aibu tu. Shosho aliniona.

Alifariki bila kujibiwa. Kiwanda nacho kilifungwa, mabati yakang'olewa, lakini udongo haujapona. Tunaumwagia mbolea ya gunia kila msimu na viazi vinatoka kama gololi. Watoto wa ndugu yangu hawajawahi kusikia ule mvumo wa jioni. Nikiwaigizia, wanadhani ni pikipiki.

Mwezi uliopita nilibeba udongo huo mpaka ofisi moja ya kilimo Embu. Dada wa pale, mwenye heshima zake, akaupima, akaniambia udongo una asidi nyingi, nitie chokaa. Nikamuuliza, na dundu je? Akaipitia karatasi yake juu mpaka chini.

"Wadudu hawako kwa hii fomu."

Nilitaka kupiga meza. Badala yake nikamwomba kalamu, nikaandika pembeni mwa fomu kwa herufi kubwa: dundu, hakuna hata mmoja. Akaigonga muhuri bila kusoma.